Nani Analipia Bando?

Dereva wa halmashauri hajazi mafuta kwa mshahara wake. Akitumwa mkoani, dizeli hutolewa, posho ya kujikimu hutolewa, na tairi likipasuka njiani ofisi ndiyo inayolipa. Hakuna bosi anayemwambia kwamba kwa kuwa ana pikipiki yake nyumbani, basi aende nayo. Mwalimu hanunui chaki. Karani hachongeshi muhuri wa ofisi kwa fedha zake. Haya tunayaona ya kawaida kwa sababu yana msingi wa siku nyingi, kwamba mwenye kazi ndiye mwenye vifaa vya kazi. Hata kibarua wa shambani anayekuja na jembe lake hutaja bei tofauti na yule anayelikuta jembe pale pale, na mwenye shamba humwelewa. Lakini kipo kifaa kimoja ambacho kimeuruka msingi huo bila kikao wala waraka, nacho ni simu ya mkononi. Simu ya mtumishi ni mali yake anapoinunua na ni mali yake inapoharibika, ila kazi ikija inageuka mali ya ofisi.

Mtumishi wa umma wa leo hapa Tanzania anaishi ndani ya mifumo. Akitaka likizo au uhamisho anaingia ESS. Tathmini ya utendaji wake, ambayo zamani ilijazwa kwenye fomu za OPRAS na kuwekwa kwenye faili, sasa iko PEPMIS, anakopaswa kuandika majukumu yake, kuyagawa katika kazi ndogo ndogo, kuhuisha alichotekeleza na kusubiri msimamizi wake aidhinishe. Mwalimu mkuu ana PReM ya NECTA, baraza la mitihani, kwa taarifa za wanafunzi, na shule yake ikitaka kununua vifaa vya ukarabati wa darasa, manunuzi hayo hupita NeST, mfumo ulioanza mwaka 2023 kuchukua nafasi ya TANePS. Juu ya mifumo hiyo rasmi kuna makundi ya WhatsApp: la shule, la kata, la idara, la semina iliyokwisha mwaka juzi lakini kundi halikufungwa. Maagizo ya haya yote yanasema "ingia kwenye mfumo". Hayasemi uingie kwa kutumia nini. Makao makuu ya wilaya kuna kompyuta mezani na nyaya za mtandao ukutani. Kwenye shule na zahanati nyingi za vijijini kilichopo ni simu ya mtu.

Tazama kazi hiyo inavyofanyika. Ni Ijumaa, saa sita na nusu mchana, na kwenye kundi la kata umeingia ujumbe: idadi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, kwa jinsia na kwa darasa, ifike wilayani kabla ya saa tisa. Mwalimu mkuu anatoka ofisini na rejesta kwapani, anakwenda hadi kwenye kichuguu nyuma ya vyoo, mahali pekee penye vijiti viwili vya mtandao. Chaji imebaki asilimia 14. Bando la wiki alilonunua Jumatatu liliisha jana usiku kwa kupakua faili la kurasa 60 lililotumwa kundini, kwa hiyo anamega fedha aliyoiweka kwenye simu kwa ajili ya nauli na kununua bando la saa 24. Anafungua jedwali la Excel kwenye kioo chenye upana wa vidole vinne, na kila akigusa kisanduku kimoja kinafunguka kingine. Namba ya uthibitisho inaingia kwa SMS na muda wake unaisha kabla ukurasa haujafunguka. Saa tisa kasoro dakika tano takwimu zinafika, na wilayani wanaandika kwamba shule hiyo imewasilisha. Kwenye vitabu vya hesabu vya halmashauri hakuna mstari unaoonyesha kwamba kazi hiyo ilikula bando moja, chaji yote ya simu, na karibu saa mbili na nusu za mtu ambaye ana darasa la kufundisha.

Mzigo huo huo uko upande wa mwananchi wa kawaida, na huko ndiko hoja inapokuwa ngumu zaidi, maana huko faida nazo ni kubwa. Anayetafuta kazi serikalini anaomba kupitia Ajira Portal. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa HESLB anajaza mtandaoni, anayesajili kampuni anaingia kwenye mfumo wa BRELA, anayetaka leseni ya biashara yuko TAUSI, na maombi ya pasipoti huanzia mtandaoni pia. Malipo ya Serikali yamepewa kontroo namba kupitia mfumo wa malipo wa GePG tangu mwaka 2017. Mtu mwenye kumbukumbu nzuri ya dirisha la mhasibu, na ya risiti ambayo kitabu chake "kimeisha, rudi kesho", hawezi kubeza mabadiliko hayo. Fedha iliyokuwa ikipita mkononi mwa mtu sasa inapita kwenye namba. Safari ya siku mbili kwenda kufuatilia faili imegeuka dakika chache. Mimi siombi turudi kwenye mafaili na kamba zake. Ninachosema ni kwamba gharama ya dirisha lile haikufutika lilipofungwa. Kulikuwa na jengo, meza, umeme, karani, karatasi na wino, na vyote vililipiwa na mfuko wa umma. Sasa meza ni goti la mwananchi, umeme ni wake, wino ni bando lake, na karani ni yeye mwenyewe.

Kama hawezi kuwa karani wa nafsi yake, anakwenda steshenari. Neno hili zamani lilimaanisha duka la kalamu na madaftari, na leo ndilo dirisha la Serikali linalotumiwa na maelfu ya watu bila kuwa la Serikali. Mama aliyefuatana na binti yake kuomba mkopo wa chuo anaketi kwenye kiti cha plastiki, anatoa bahasha yenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na namba ya NIDA iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Kijana wa steshenari anamfungulia mtoto akaunti ya barua pepe, anamtungia nywila, kisha anaiandika kwenye kaunta buku: jina, barua pepe, nywila, namba ya simu, mstari kwa mstari, ili wakirudi wiki ijayo wamesahau, yeye ajue. Daftari hilo linakaa juu ya mashine ya fotokopi. Anafanya hivyo kwa wema na kwa uzoefu, kwani wengi hurudi wakiwa kweli wamesahau. Lakini ndani ya daftari hilo kuna funguo za maisha ya mtaa mzima, na anayelilinda ni kijana ambaye hajaapa kiapo chochote cha kutunza siri, na hakuna aliyemfundisha kwamba kuna sheria inayohusu daftari lile.

Hapa ndipo ninapotaka kuiweka hoja yangu wazi. Taasisi inayoifanya simu ya mtu kuwa sharti la kupata kazi, kufanya kazi au kupata haki yake, ibebe gharama ya sharti hilo, na ibakize mlango mwingine kwa asiye na simu au asiyetaka kuitumia. Gharama ninayoitaja ina sehemu tatu: kifaa na bando, hatari ya taarifa kuvuja, na muda wa mtu. Mwenye kuweka sharti na kuzibeba gharama hizo anaweza kusema ni mtu wa maendeleo, lakini asiyebeba hata moja amehamisha bajeti yake kwenda kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Kwenye fedha, Serikali inajikuta pande zote mbili za mezani. Huduma za mawasiliano zinatozwa ushuru wa bidhaa na juu yake kuna VAT, maana yake mwalimu wetu pale kichuguuni amekatwa kodi kwenye bando alilolinunua ili aitumikie Serikali. Mwaka 2021 Bunge lilifuta VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu kwa nia ya kueneza intaneti. Mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa, kwa maelezo kwamba bei madukani hazikushuka. Yawezekana kweli hazikushuka, na wafanyabiashara ndio wa kuulizwa, lakini mwaka mmoja ni muda mfupi mno kupima jambo kubwa kiasi hicho. Mwezi Julai wa mwaka ule ule wa 2021 zilianza tozo za miamala ya simu, hadi Sh10,000 kwa muamala mmoja, na kelele za wananchi zilipozidi zikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa hiyo ndani ya miezi michache mkono mmoja wa Serikali uliwaambia watu wahamie kwenye simu, na mkono mwingine ukawatoza kwa kuhamia.

Jibu la kwanza nitakalopewa ni kwamba watu tayari wana simu, wanazitumia kuangalia mpira na kupiga soga, na taarifa mbili tatu za kazini haziongezi kitu. Wahenga walikwishasema kuhusu mzigo wa mwenzio kuwa kanda la usufi. Jimbo la California, huko Marekani, liliamua suala hili hili mahakamani mwaka 2014, katika kesi ya wafanyakazi wa kampuni ya Schwan's Home Service waliokuwa wakitumia simu zao kwa kazi za mwajiri. Hoja ilikuwa kwamba baadhi yao walikuwa na vifurushi visivyo na kikomo, kwa hiyo simu za kazi hazikuwaongezea hata senti. Mahakama ya Rufaa ya jimbo ilikataa hoja hiyo. Ilisema mwajiri anapolazimisha simu binafsi itumike kazini, lazima alipe sehemu inayostahili ya gharama, awe mfanyakazi ameongezewa bili au la, kwa sababu vinginevyo mwajiri anapata faida ya bure kwa kuwatwika wafanyakazi gharama za biashara yake. Mimi naona busara kubwa katika uamuzi huo, maana unahamisha swali kutoka kwa mfanyakazi kwenda kwa mwajiri: wewe uliokoa nini? Halmashauri ambayo haikununua kompyuta, haikulipia intaneti na haikuajiri mtakwimu wa shule iliokoa fedha, na fedha hiyo ilitoka mahali.

Na si kweli kwamba kila mtu anayo. Kuwa na laini ya simu ni jambo moja, na kuwa na simu inayofungua tovuti ni jambo jingine. Hadi mwaka 2024 takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zilionyesha kuwa simu janja bado hazijafika nusu ya idadi ya Watanzania. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilikuta kwamba, kati ya watu wa umri wa miaka mitatu na kuendelea, asilimia 47.3 ndio waliokuwa na simu ya mkononi ya aina yoyote, asilimia 22.6 walitumia intaneti, na asilimia 10.4 tu walitumia kompyuta. Idadi imepanda tangu hapo, hilo halina ubishi. Lakini GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, kimekuwa kikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kusini mwa Sahara wanawake wana nafasi ndogo kuliko wanaume ya kumiliki simu, na ndogo zaidi ya kutumia intaneti kwenye simu hiyo. Huduma inapopita kwenye simu janja peke yake, anayebaki nje anajulikana kabla hata mfumo haujawashwa: ni mwanamke wa kijijini mwenye simu ndogo ya kitochi, au asiye na chochote, anayelazimika kumwomba mume au mtoto amwombee haki yake. Siri ya afya yake au ya biashara yake inaanzia kwenye kioo cha mtu mwingine.

Suala la siri linahitaji kukaliwa kidogo, kwa sababu ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Simu ya leo ni chumba cha ndani. Humo mna picha za watoto, ujumbe wa ndoa, salio la benki, dua na ugomvi. Ofisi ikiingia humo, faragha zinachanganyika, ya mtumishi na ya watu anaowahudumia. Muuguzi anapiga picha ya jeraha au ya karatasi ya majibu ya maabara na kuituma kwa daktari aliye mjini kuomba ushauri. Huenda picha hiyo imeokoa mguu wa mtu. Lakini sasa iko kwenye simu yake kati ya picha za harusi ya mdogo wake, imenakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni bila yeye kujua, imebaki kwenye simu ya daktari, na mtoto wa muuguzi anayecheza gemu jioni anaweza kuifungua kwa kidole kimoja. Huko Uskoti, watumishi 26 wa NHS Lanarkshire, mamlaka ya afya ya eneo hilo, walitumia kundi la WhatsApp kati ya Aprili 2020 na Aprili 2022, na taarifa za wagonjwa ziliwekwa humo zaidi ya mara 500. Mwaka 2023 msimamizi wa taarifa wa Uingereza aliikaripia rasmi mamlaka ile. Aliyekaripiwa alikuwa mwajiri, kwa kutokuwa na utaratibu.

Sisi nasi tuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sijui njia ya halali ambayo hospitali inaweza kudai kwamba inazilinda taarifa zilizomo kwenye simu ambayo haiimiliki, haijui ina nywila gani, na haiwezi kuifuta ikiibwa Kariakoo. Na kampuni zenye utaalamu mkubwa zimeangukia hapo hapo. LastPass, kampuni ya Marekani ambayo kazi yake yenyewe ni kutunza nywila za watu, ilivamiwa mwaka 2022 kupitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja. Wavamizi walitumia udhaifu kwenye programu ya kuchezea filamu na muziki iliyokuwa kwenye kompyuta ile, wakapandikiza programu ya kunasa anachoandika, wakapata nywila yake kuu ya kazini, na kwa hiyo wakaingia kwenye hazina ya kampuni. Kama mhandisi wa kampuni ya kutunza nywila ameangushwa na kifaa cha sebuleni, tusimlaumu mganga mfawidhi wa zahanati simu yake ikidukuliwa. Tumuulize aliyemfanya aitegemee.

Muda nao una bei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku, na inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Ujumbe wa saa nne usiku kwenye kundi la idara, unaoanza na "Ndugu zangu, samahani kwa usumbufu", hauhesabiwi. Asiyejibu anaonekana kesho yake kama mtu asiyejituma. Ufaransa iliandika kwenye sheria, kuanzia 1 Januari 2017, haki ya mfanyakazi kutopatikana kwenye simu na kompyuta baada ya saa za kazi. Nchini Kenya, mwaka 2022, Seneta Samson Cherarkey wa Nandi alipeleka muswada wa kutaka jambo kama hilo. Waajiri walilalamika kwamba ungekwamisha biashara. Mimi nadhani tatizo halianzi kwenye saa, linaanzia kwenye kifaa. Simu ya ofisi inaweza kuachwa kwenye droo saa kumi jioni. Simu yako mwenyewe huwezi, kwa sababu ndiyo mama yako atakayoipiga akiugua.

Jibu la pili ni la fedha: nchi maskini itatoa wapi simu za watumishi wote? Nalichukulia jibu hili kwa uzito, na bado naona halisimami. Mwezi Septemba 2023 Kenya iliwagawia wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii vifaa vya kazi, na simu ikiwemo, na hao ni watu wanaotembea nyumba kwa nyumba vijijini. Kwetu hapa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na ulikuwa uamuzi mzuri unaostahili sifa, ila kishikwambi bila bando kinarudi kuwa kibao cha kuandikia, na mfuko wa mwalimu unafunguliwa tena. Isitoshe, kanuni yenyewe tumekwishaikubali muda mrefu. Viongozi wa ngazi za juu serikalini na kwenye mashirika ya umma hupewa fedha za simu kama stahili ya cheo, na enzi za simu za mezani waya ulivutwa hadi nyumbani kwa mkuu na bili ikaja ofisini. Hakuna aliyesema mkuu ana simu yake hata hivyo. Tukishakubali kwamba mkurugenzi akipiga simu ya kazi ofisi ilipe, sioni sababu ya kumkatalia mtendaji wa kijiji, ambaye mshahara wake ni mdogo na mtandao wake ni mbovu.

Zipo hatua ambazo hata simu hazinunui. Tovuti na programu za Serikali zinaweza kufunguka bila kukata bando, kwa makubaliano na kampuni za simu au kwa sharti la leseni. Afrika Kusini ilizitaka kampuni zake kufanya hivyo kwa tovuti za elimu mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Mifumo inaweza kujengwa kwa ajili ya simu ndogo na mtandao hafifu, ikahifadhi kilichoandikwa pale mtandao unapokatika badala ya kumrudisha mtu mwanzo. Menyu ya *152*00# inafanya kazi kwenye kitochi chochote bila intaneti, na kwa maoni yangu ingekuwa ya kwanza kufikiriwa kila huduma mpya inapobuniwa, badala ya kuwa kiraka cha mwisho. Jedwali linaloombwa na kata, na wilaya na mkoa, kila mmoja kwa muundo wake, linaweza kuombwa mara moja.

Wengine watasema, na hili ni kweli, kwamba watumishi wengi wanapenda kutumia simu zao. Wamezizoea, hawataki kubeba mbili, na simu ya ofisi mara nyingi huwa ya hali ya chini. Sina ugomvi na anayechagua. Ila uchaguzi unahitaji vitu viwili, na kwetu kuna kimoja. Denmark ni nchi iliyokwenda mbali kuliko karibu zote katika huduma za mtandaoni. Tangu 1 Novemba 2014, kwa sheria, barua za Serikali kwa wananchi huja kidijitali. Lakini sheria hiyo hiyo ilimruhusu asiyeweza kuomba asamehewe na kuendelea kupata barua ya karatasi. Na kwenye MitID, kitambulisho chao cha kuingilia kwenye benki na huduma za umma, asiye na simu janja hupewa kifaa kidogo kinachoonyesha namba ya uthibitisho. Hawakumwambia akanunue simu. Wengi mno wa Wadenmark wanatumia simu zao kwa hiari, na pengine wanaiamini mifumo yao kwa sababu wanajua upo mlango mwingine.

Kuhusu mlango mwingine, kuna hofu ya haki kwamba ukibakizwa, rushwa itarudi kupitia humo. Yule karani wa "rudi kesho" ataketi tena. Hofu hiyo naielewa, lakini inachanganya dirisha na fedha. Malipo yanaweza kubaki kwenye kontroo namba huku mtu wa kusaidia akiwepo, ana kwa ana, na mshahara wake ukilipwa na umma. Vituo vya Huduma Pamoja kwenye ofisi za Posta vimeanza kazi hiyo, na Kenya ina Huduma Centre tangu mwaka 2013. Kasoro ya vituo hivi ni uchache. Vinamfaa wa mjini kuliko wa tarafani. Ningependa kuona kituo kama hicho kwenye kila ofisi ya kata yenye umeme, na yule kijana wa steshenari, mwenye uzoefu kuliko maofisa wengi, apewe mafunzo, leseni na masharti ya kutunza siri, kisha daftari lake lifungwe.

Mlango huo una kazi nyingine pia, ile ya siku mtandao unapokufa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Julai 2023 wadukuzi walilielemea jukwaa la eCitizen la Kenya, wiki chache baada ya Serikali yao kutangaza kuhamishia humo huduma zaidi ya 5,000, na watu wakakwama na pasipoti, viza na leseni. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa hapa kwetu na ikakaa siku kadhaa kabla ya kurudi. Sababu za matukio hayo matatu hazifanani hata kidogo, lakini kwa mtu mwenye haja yalikuwa jambo moja: hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Mahakama Kuu ya Kenya, Aprili 2025, ilibatilisha agizo la kuwataka wazazi walipe karo za shule kupitia eCitizen, ikisema wananchi hawakushirikishwa, na kwamba ada ya Sh50 iliyotozwa kwa kila malipo haikuwa na msingi wa kisheria. Jaji hakupinga teknolojia. Aliuliza ni nani aliyeulizwa, na ni sheria ipi inayomlipisha mzazi gharama za njia ambayo hakuichagua.

Maswali hayo mawili yanatosha kuanzia kwenye bajeti ijayo ya halmashauri yoyote. Na kuna la tatu, dogo, ambalo halihitaji hata fedha. Mtumishi anapostaafu au kuhama hujaza hati ya makabidhiano: funguo, muhuri, vitabu vya risiti, faili, pikipiki kama alipewa. Anasaini yeye, anasaini anayepokea, anasaini shahidi. Kwenye hati hiyo hapana nafasi ya simu yake, ambayo ndiyo yenye orodha za wanafunzi, picha za wagonjwa, nywila za mifumo mitatu na miaka sita ya maagizo ya ofisi. Anaondoka nayo mfukoni, anapanda basi kwenda kwao, na mwezi ujao anampa mjukuu aichezee.